Stika za Bi Mwanaasha

Hamtaamini kilichonikuta leo Kihonda! Rafiki yangu Faraja kaniita nisafishe madirisha mapya ya nyumba ya mama yake, yamejaa simenti, rangi na stika za dukani. Nikaloweka kwa maji ya moto na sabuni, nikakwangua kwa wembe, gundi nikaimalizia kwa mafuta ya taa. Vioo viling'aa mpaka nikajipiga picha!

Mara mama mtu, Bi Mwanaasha, akatokea.

"Shikamoo, mama."

Akavikodolea macho vioo. "Stika zangu ziko wapi?"

"Nimezitoa, mama. Si uchafu ule?"

"Uchafu ni wewe! Kesho wifi yangu anakuja kutoka Turiani. Huyo ndiye anayenitangaza kwamba nimeweka madirisha ya mtumba, yaliyong'olewa kwenye nyumba iliyobomolewa. Sasa nitamwonyesha nini, hayo meno yako?"

Akaninyang'anya simu, akaichomeka kifuani. "Utaipata stika zote zikirudi pale pale!"

Jamani, simu yangu! Na stika zenyewe ni vipande vipande ndani ya ndoo. Hapa naandika kwa simu ya Faraja, ndoo iko mbele yangu, Bi Mwanaasha kakaa mlangoni, na simu yangu inaita kifuani kwake.

Ungekuwa wewe, ungefanyaje?