Umefika Zahanati

Valary alikuwa anapita nyuma ya maktaba, simu mkononi, akijirekodi sauti kama kichaa anayeongea peke yake. "Kata kushoto kwa tangi la maji. Usipite kwa ngazi, mvua ikinyesha zinateleza." Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwaka wa mwisho: app ya akili bandia ya kuonyesha njia chuoni, uliza kwa Kiswahili au Dholuo, ikujibu. Aliifunza majina yanayotumiwa na watu, si yale ya kwenye mabango. Ukisema "kwa chapati", inakupeleka kantini. Alasiri angeionyesha mbele ya wageni kutoka Nairobi. Ikipita, anahitimu. Isipopita, anarudia mwaka.

Bwana Mayaka, afisa wa majengo, alimsimamisha kwa korido. Bila idhini yake app haingeonyeshwa.

"Zahanati siioni hapa," alisema, kidole kwenye skrini.

"Haiko, sir. Kuna jiwe tu la uzinduzi na nyasi."

"Ilizinduliwa. Watu walikata utepe, wakala pilau. Kwa ramani ya chuo iko."

"Lakini mtu akienda..."

"Madam, unataka kumaliza shule ama hutaki? Hao wageni ndio walioifadhili. Weka."

Valary aliweka. Msimlaumu haraka, kwao Asumbi mamake alikuwa ameshawatangazia watu wa kanisa habari za mahafali. Alijiambia ni ya kuonyesha wageni tu. Haraka ilimsahaulisha kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wakiijaribu app hiyo kwa simu zao tangu Jumatatu.

Mchana simu ililia. Namba ya msaada ndani ya app ilikuwa yake. Alikuwa Lynnet, msichana wa mwaka wa kwanza kutoka Ogwedhi, sauti inatetemeka. "Siz, nimefika zahanati lakini sioni mlango."

Valary alikimbia. Alimkuta Lynnet ameketi juu ya jiwe la uzinduzi, sweta mbili mwilini na jua lote lile, meno yakigongana. Malaria, yeyote wa huku angejua kwa kumtazama tu. Alikuwa ametapika nyasini. Simu ilikuwa mapajani pake, ikirudia kwa sauti ya Valary mwenyewe: "Umefika zahanati. Karibu."

"Nilidhani nimekosea," Lynnet alisema. "Nikazunguka, nikazunguka. Bado inaniambia nimefika."

"Yawa, nisamehe." Valary aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alimshika mkono, wakatembea polepole hadi lango kuu. Akampigia simu Mourine, waliyekaa naye chumba kimoja, akawapandisha boda pamoja waende hospitali Rangwe. Kisha akaketi pale pale langoni, akafungua laptop.

Alasiri ukumbi ulijaa. Mayaka alikaa mbele, suti imenyooka. Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, aliisogelea maikrofoni akitabasamu. "Nipeleke zahanati."

Spika zilipeleka jibu mpaka nyuma kabisa. "Zahanati haijajengwa. Kuna jiwe tu. Kama wewe ni mgonjwa, toka lango kuu, tafuta boda, nenda Rangwe. Usiende peke yako."

Huko nyuma mtu alianza kupiga makofi, akaacha. Mama mwenye miwani alimgeukia Mayaka. Mayaka akainuka, akakohoa kidogo.

"Hii kazi ina makosa ya kiufundi," alisema. "Mwanafunzi atairudia mwaka ujao."

Mhadhiri wake Valary alikuwa pale pale, akayainamisha macho. Wageni wakaelekezwa kwenye chai. Valary alizima projekta na kukunja waya, akiwaza atamwambia nini mamake.

Mlangoni Mayaka alimngoja, akapunguza sauti. "Rudisha ile zahanati, tuone vile tutakusaidia."

"Ijengeni, sir," Valary alisema. "Siku hiyo hiyo nitaiweka."

Akatoka kwa lango kuu, akatafuta boda ya Rangwe.