Kona ya Shangazi

Saa nne kasorobo asubuhi Kisa aliipua sufuria ya ndizi, akakunja mkeka, akafungua mlango wa mbele na wa nyuma, kisha akatoka uani kusubiri treni ipite ndani ya nyumba yake.

Ilipita saa nne kamili, mabehewa saba. Reli yenyewe haikuwa imejengwa. Miaka sita nyuma wapimaji walifika Ikolo, wakachomeka vigingi vyekundu kutoka milimani hadi ziwani, wakaondoka, na mradi ukalala. Treni haikusubiri. Ilianza safari msimu wa mpunga uliofuata, ikifuata vigingi, na watu wa Ikolo, waliozoea kuahidiwa kuliko kupewa, waliipanda bila maswali. Ilipeleka kokoa Mbeya na kurudi na viazi.

Nyumba ya Kisa haikubomoka. Vyombo vilitikisika, na unga ulinuka dizeli. Shida ilikuwa nyuma ya jiko, alikozikwa mumewe Zebedayo. Kila treni ilipopita, kaburi lilizama kidogo, na kila siku Kisa alichota beseni la udongo akalijaza. Msalaba wake uliliwa na mchwa zamani, na wapimaji hawakujua kama pale pana mtu.

Jirani yake, Ambilikile, aliyaona hayo yote kutoka kwenye kokoa zake, na chakula hakikumshuka. Mstari wa kwanza wa reli ulikuwa upite kwake. Siku moja kabla ya vigingi alirundika udongo katikati ya shamba, akasimika msalaba, akaandika: Shangazi Tusajigwe. Hakuwa na shangazi wa jina hilo. Wapimaji, watu wenye adabu zao, walivua kofia, wakampa pole, wakaupinda mstari kwenda kwa Kisa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na kituo, na kondakta alikitangaza kila siku: "Kona ya Shangazi!"

Kilichomtesa zaidi ni kwamba Kisa ndiye aliyelipalilia kaburi lile. Aliona aibu jirani kumwachia shangazi yake magugu.

Asubuhi hiyo, treni ilipokwisha kupita, Kisa alimjia Ambilikile na beseni tupu.

"Baba Ambwene, naomba udongo. Wa kwangu umekwisha."

Ambilikile alitazama ua wa Kisa. Kweli, ulikuwa umechotwa hadi mizizi ya migomba ikawa nje. Alishindwa kuvumilia.

"Chota hapa, mama Jubilate," alisema, akionyesha kaburi. "Chota wote. Humu hamna mtu. Nilidanganya kwa ajili ya kokoa zangu. Nisamehe."

Kisa aliweka beseni chini, akafikiri.

"Basi tumwite afisa aje aone. Kama hamna mtu, watainyoosha reli, na Zebedayo apumzike."

Kesho yake, saa mbili, afisa ardhi Philemon alifika kwa pikipiki. Alikuwa mtu wa Kagera, mpole, mwenye daftari.

"Utaratibu ni rahisi," alisema. "Kaburi tupu halipindishi reli. Chimba, mzee."

Ambilikile alichimba kwa furaha ambayo hakuwa nayo tangu vigingi vije. Shimo lilipomfika kiunoni, jembe liligonga ubao. Alifuta udongo kwa mikono, akainua kifuniko. Ndani alilala bibi mmoja aliyefungwa kitenge vizuri, mikono kifuani, mwenye pua ya baba yake Ambilikile.

Philemon aliinama, akatazama, akaandika: Yupo.

"Simjui," alisema Ambilikile. "Mama Jubilate, nakuapia, nilidanganya."

"Pole, baba Ambwene," alisema Kisa. "Uchungu humsemesha mtu mengi. Mfunike mzee wetu."

Kisha akatazama jua, akakimbia kuipua sufuria yake.

Treni ilifika saa nne kamili, ikapunguza mwendo, ikapinda. Abiria waliliona kaburi wazi, na Ambilikile amesimama ndani yake, wakatoa vichwa madirishani.

"Pole sana, mzee!"

"Nimeshapoa," alilijibu behewa la kwanza. Akalijibu na la pili, na yote saba, kwa sababu mfiwa hakai kimya akipewa pole. Behewa la mwisho lilipotokea mlango wa nyuma wa Kisa, Ambilikile aliusikia udongo wa Zebedayo ukishuka.

Alimfukia shangazi. Kwa kuwa sasa alikuwamo mtu, udongo ulibaki, kiasi cha beseni moja. Kisa alikuja akauchota, akajitwika.

"Ndaga fijo, baba Ambwene," alishukuru. "Wa leo umetosha. Kesho nitakuja tena."