Mfuaji wa Kumi na Moja

Mimi sina subira, naomba tuelewane mapema. Hospitalini wananiita Mama Povu, na wala si kwa sababu ya sabuni peke yake. Miaka ishirini na saba nimefua mashuka ya wagonjwa na magauni ya chumba cha upasuaji, halafu asubuhi moja mtu aje aniambie kwamba sipo.

Ilikuwa wiki ya uhakiki. Wakubwa walitaka kuwaondoa wafanyakazi hewa, yaani yale majina yanayolipwa kila mwezi na wenyewe hawajulikani, na jambo hilo mimi niliunga mkono kwa moyo mweupe. Kila mfanyakazi alitakiwa aende ukumbini, aweke kidole gumba kwenye mashine, taa ya kijani iwake, arudi kazini. Atakayekosa kijani mpaka Ijumaa saa sita mchana, jina linafutwa na kazi hana.

Sasa mimi na kiherehere changu, Alhamisi nikawakusanya wenzangu tisa wa chumba cha kufulia, nikawaambia hatuendi mbele za watu na mikono ya madoa. Nikatoa jiwe la kusugulia miguu. Tukasugua vidole kimoja kimoja mpaka vikang'aa kama masufuria. Waliojivuta niliwasugua mwenyewe. Ni dobi tu anayeweza kudhani kwamba kila kitu duniani kikisuguliwa zaidi kidogo kitakuwa sawa.

Ijumaa asubuhi tukapanga foleni, safi kabisa. Nikaweka gumba, mashine ikakataa. Nikalifuta kwenye gauni, ikakataa tena. Wenzangu wote tisa, nyekundu juu ya nyekundu. Ile mistari midogo ya kidole ambayo mashine huisoma ilikuwa imeliwa na dawa ya madoa miaka na miaka, na kidogo kilichobaki nimekimaliza mimi kwa jiwe langu. Mwenzetu mmoja, mjane mwenye watoto wanne, alikaa sakafuni akajishika kichwa. Hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenitukana, ningejua pa kuanzia.

Mkaguzi mkuu, baba mmoja wa makamo, suti imenyooka na uso umenyooka vilevile, akafungua orodha yake. Akasema chumba cha kufulia kina majina kumi na moja, na katika hayo ni mmoja tu aliyethibitika, alipita Jumatano, kidole safi bila shida. Akalisoma jina lake. Tukatazamana. Tangu nianze kazi pale sijawahi kulisikia, na wafuaji tuko kumi, hatujawahi kuwa kumi na moja.

Damu ikanichemka. Nikamuuliza, kumi tuliosimama hapa tunatoka jasho ndio hewa, na huyo asiyejulikana hata na bomba la maji ndiye mtu? Akanijibu kwa upole, ule upole wa watu wa ofisini unaokera kuliko kofi, kwamba mashine haina ndugu wala adui. Pale mlangoni alikuwa amesimama Bwana Stoo, mtunza sabuni na mashuka, barakoa yake ameishusha kidevuni. Akacheka, akasema Mama Povu apumzike sasa, umri nao umekwenda. Kichwani nilikuwa namfikiria yule mjane, na jiwe.

Aliyetuokoa ni fundi wa ile mitambo, mwanamke mwenye miwani minene ambaye wiki nzima alikuwa amejificha nyuma ya kompyuta. Aliinuka, akasema siku ya kuandikishwa, miezi sita nyuma, mashine haikuchukua vidole tu. Ilichukua na sura, na mboni za macho yote mawili, na mishipa ya damu ya kiganja. Vyote vimo humo ndani. Ni wakubwa walioamua uhakiki uende kwa kidole pekee ili foleni isogee haraka. Yeye alishaandika barua mara mbili kupinga, na barua zimelaliwa.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alimwambia mkaguzi. "Sura inaweza kukosea, mtu akikonda au akinyoa. Kidole kinaweza kuisha. Lakini sura, jicho na mishipa vikitoa ushahidi pamoja, mtu wa kuvidanganya vyote nitampigia magoti."

Mkaguzi akakataa. Akasema huko ni kulegeza lango. Leo tunasamehe vidole, kesho hewa wote wamepita. Saa ya ukutani ilikuwa inasoma saa tano na nusu.

"Basi tusianze na hawa mama zangu," fundi akasema. "Tuanze na yule uliyempitisha."

Hapo mkaguzi hakuwa na pa kukwepea. Fundi akayachukua macho ya yule mfuaji wa kumi na moja, kama yalivyopigwa siku ya kuandikishwa, akaiambia kompyuta iyatafute miongoni mwa wafanyakazi wote wa hospitali. Ikafikiri. Tukashusha pumzi, tukaivuta tena. Kisha zikatokea picha mbili, bega kwa bega. Ya kwanza mtu wa kofia, mashavu ameyajaza upepo. Ya pili mtu yuleyule, bila kofia wala upepo. Sura zilikaribiana tu, lakini macho yalilingana yote mawili.

Lo! Kumbe kwa jina lake alikuwa ametoa gumba la kulia, na kwa jina la hewa akatoa la kushoto, na mashine iliyoulizwa vidole tu ikaona watu wawili. Ukumbi mzima ukageukia mlangoni. Bwana Stoo alikuwa ameipandisha barakoa mpaka chini ya macho, na hayo macho ndiyo yaliyomsaliti. Siku za mwizi ni arobaini, na yake ilimkuta amevaa viatu vipya.

"Wewe ni yupi kati ya hawa wawili?" mkaguzi alimuuliza, polepole. Walinzi wakamtoa nje.

Mkaguzi akaifunga orodha yake. Halafu akanyanyuka, akanivutia kiti yeye mwenyewe.

Nikakaa. Nikatazama kwenye kioo cha kamera, nikanyoosha kiganja juu ya mwanga wa mashine. Gumba: hakuna kitu. Sura: nusu, maana nimekonda tangu nilipougua. Jicho: limejaa. Mishipa: imejaa. Kompyuta ikajumlisha, na kijani ikawaka, na majina yangu matatu yakatokea pamoja na mwaka niliokanyaga pale nikiwa msichana. Nikalia kama mtoto. Nyuma yangu wenzangu walipiga vigelegele mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wakachungulia, na mjane akanyanyuka sakafuni kuchukua zamu yake. Mpaka saa sita kasoro dakika tano tulikuwa kumi, wote kijani.

"Mama, upo," mkaguzi akaniambia. Macho yake yalikuwa chini.

"Nipo, baba," nikamjibu. "Hata asubuhi hii uliponiambia sipo, nilikuwa nimesimama mbele yako."