Friza la Mwamvua na Kitaa Kinachokonyeza

Jengo la Mzee Mwinyijuma pale Usagara lilikuwa na maduka matatu na mita moja ya umeme. Umeme ukiisha upesi, macho yote huenda kwenye friza la Mwamvua, muuza barafu za ubuyu.

"Lile friza halili, linafakamia," Sadalla fundi cherehani husema, na Tausi wa saluni hucheka.

Mwishowe mzee akaleta fundi wa umeme, akafunga ukumbini mita ndogo tatu, kila duka na yake. Kila mita ina kitaa chekundu: umeme ukitumika kidogo hukonyeza taratibu, ukitumika sana hukonyeza kama mtu aliyeingiwa na mchanga jichoni.

"Ijumaa nitasoma," mzee akasema. "Atakayewazidi wenzake kupita kiasi, chombo chake kitoke." Hakumtaja mtu, ila alikuwa akilitazama friza. Na bila friza Mwamvua hana biashara.

Ijumaa asubuhi akafanya kama desturi yake. Akachomoa friza, akabandua barafu iliyoganda pembeni kwa mwiko wa mti, akafuta ndani kwa maji ya ndimu, akaacha mlango wazi likauke. Alipotoka kumwaga maji akapita kwenye mita. Kitaa chake kinakonyeza mbio.

Akasimama na ndoo mkononi. Friza limechomolewa, taa imezimwa, feni hana. Sasa nani anakula? Mara kitaa kikatulia. Kikaanza tena mbio, kikatulia tena.

Akachungulia saluni: Tausi anasuka kwa mkono. Kwa Sadalla kanzu zimejaa, maana Ijumaa mtaa mzima huleta kanzu zipigwe pasi kabla ya swala. Mwamvua akaiangalia ile pasi. Ina kitaa cha manjano. Kikawaka, kikazima.

"Tausi mwanangu, hebu simama kwenye mita yangu. Ikikonyeza mbio sema haya, ikitulia sema basi."

"Mchezo gani huu, bi Mwamvua?"

"Sijaujua bado. Wewe simama."

Kitaa cha pasi kikawaka. "Haya," Tausi akasema kutoka ukumbini. Kikazima. "Basi." Kikawaka. "Haya."

Sadalla akainua kichwa. "Mna nini leo?"

"Chomoa pasi, kaka yangu."

Akachomoa.

"Basi," akasema Tausi. "Kimekufa kabisa."

Soketi ya Sadalla ilikuwa kwenye ukuta wa mbao uliotenga duka lake na la Mwamvua. Zamani vyumba vile viwili vilikuwa kimoja. Aliyetia ukuta hakutenganisha nyaya. Sadalla akaipapasa soketi, akaipapasa tena.

"Basi mlaji ni mimi," akasema polepole. "Na kanzu ya mzee nimeinyoosha sasa hivi, kwa umeme wako."

Mzee akaja kuchukua kanzu yake. Shikamoo, marahaba. Akasoma mita, akamgeukia Mwamvua, lakini kabla hajatamka neno wakamwonyesha. Akaichomeka pasi mwenyewe, akaichomoa, akaichomeka tena, Tausi akiitikia.

"Fundi arudi atenganishe nyaya," akasema. "Tutapima upya. Friza likae."

"Na likizidi?" akauliza Sadalla.

"Likizidi, tutajua limezidi lenyewe."

Wanaume wakaenda kuswali. Mwamvua akachomeka friza, likaunguruma. Akavuta kigoda mpaka mbele ya mita, akaketi kutazama, maana hata yeye hakuwahi kujua linakula kiasi gani.