Bastola Laini, Bastola Ngumu

Christelle alikuwa na hofu kabla hata ya kushuka garini, na hofu yenyewe haikuwa ya wezi. Wezi walikuwa wamevunja nyumba ya jirani yao pale Haltom City, ughaibuni walikohamia, wakabeba runinga, na tangu siku hiyo mumewe, Zéphyrin, hakuwa na wimbo mwingine ila bastola. Ikae chini ya mto, alisema. Chini ya mto! Mwanamume ambaye akilala hurudi vitani Kivu, akamkaba mkewe koo, macho kodo na haoni kitu, halafu asubuhi huamka akiulizia chai.

Christelle hakuwahi kumwambia. Alama za shingoni alizifunika kwa kitambaa, na siku Zéphyrin alipoziona, Christelle akamsingizia mzee mmoja anayemtunza kazini, eti humng'ang'ania akimnyanyua kitandani. Mzee wa watu, hata kijiko kinamshinda! Lakini utamwambiaje mtu aliyekimbia vita kwamba vita vyenyewe kaja navyo? Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo Christelle aliijua vizuri, na bado akaendelea kuficha.

Basi Jumamosi hiyo Modestus, Mtanzania anayefanya kazi na Zéphyrin ghalani, akawapeleka kwenye ukumbi wa kulenga shabaha. Alikuwa nazo bastola mbili, moja ya bei nafuu na nyingine ya bei mbaya, akataka wazijaribu zote kabla hawajanunua yao. Modestus ni mtu wa kusifia vyake. Hata ufagio wake angekusimulia jinsi unavyofagia.

Ndani mlio ulifuata mlio. Masikio walikuwa wameyafunika, lakini kila risasi ilimshtua Christelle.

"Hii ya ghali triga yake laini, kaka!" Modestus alipaza sauti. "Unaigusa tu, imeondoka. Hii nyingine ngumu, mpaka uivute kwa nia. Kizuri chajiuza!"

Zéphyrin akajaribu ile ya ghali. Karatasi ikatoboka katikati.

"Eh, hii iko bien, muzuri kabisa! Niko nagusa tu, inatoka!"

Inatoka. Akilini Christelle alimwona akiipapasa chini ya mto. Akamwona na Fortunée, binti yao mdogo, anayelala katikati yao.

"Shemeji, jaribu na wewe," Modestus akasema.

Aliomba ile ngumu. Akavuta triga mpaka kidole kikamuuma, akaongeza kidole cha pili, ndipo ikafyatuka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akashusha pumzi. Mtu aliyelala, alijiambia, hawezi kuivuta hii.

"Papa Fortunée, tununue hii ya bei kidogo!"

"Hata hauwezi kuivuta!"

"Ni hiyo hiyo niko nataka!"

Zéphyrin akaichukua ili amridhishe tu. Akasimama, akanyoosha mikono. Papo hapo mtu wa kibanda cha pili akafyatua bunduki kubwa, ukuta ukatikisika. Zéphyrin akajikunja, akageuka nusu. Macho yalikuwa kodo, hayaoni kitu. Christelle aliyajua macho hayo, akapiga yowe. Risasi mbili zikatoka kwenye ile bastola ngumu, moja ikaingia darini, nyingine ikachimba sakafu karibu na kiatu cha Modestus.

Modestus alimrukia, akaudaka mkono wake. Msimamizi akaja mbio akifoka, na muda si muda wote watatu walikuwa nje kwenye maegesho, wamefukuzwa.

"Bastola mubaya ile," Zéphyrin akasema. "Franchement, kusema kweli, ya bei kidogo haina maana. Donc basi, tutanunua ile ya ghali."

Tumaini lake lote Christelle alikuwa ameliweka kwenye ile triga ngumu, na sasa halikuwepo. Alimwogopa mumewe, tena aliogopa kumvunja moyo, lakini hofu juu ya mtoto ilizishinda zote. Akakivua kitambaa.

"Angalia."

"Yule muzee tena?"

"Hakuna muzee. Ni weye. Usiku unafungua macho, haunioni, unanikaba. Niko nakuita jina, hausikii. Sawa vile ulikuwa mule ndani sasa hivi."

Zéphyrin akacheka kidogo, kicheko kikakatika. Akainua mkono taratibu, akaweka vidole juu ya shingo ya mkewe, hapo penye alama. Kila alama ikapata kidole chake. Christelle hakurudi nyuma.

"Na mutoto?" Zéphyrin akauliza kwa sauti ndogo.

"Bado."

Aliutoa mkono upesi. Akaiingiza mikono yote miwili mifukoni, akaenda mpaka kwenye gari, akasimama pale akimngoja Modestus aje kumfungulia mlango, mikono ile haijatoka mifukoni.