Watu Kumi na Saba Wasioonekana

Katika ukoo wetu mzima, mimi ndiye mtu wa kwanza kuitwa na kampuni ya kompyuta nikawasaidie kazi. Walinitumia gari hadi mlangoni. Walikuwa wanatafuta mtu asiyejua kitu, na mjukuu wangu akanitaja bila hata kufikiri.

Huyo mjukuu, mke mwenzangu, hutengeneza tovuti. Ana miaka sita katika kazi hiyo, na mitano kati yake ameimaliza akiilalamikia. Mimi nimeshona nguo miaka arobaini, mtaa mzima wananiita Bibi Pilipili kwa ajili ya ulimi huu, kwa hiyo malalamiko ya mafundi nayajua. Ila ya kwake yana mashiko.

"Zamani, Bibi," huniambia huku akimenya viazi, "ukurasa ulikuwa maneno na picha mbili. Siku hizi maneno ni yale yale, ila uzito umezidi mara mia. Tunaujaribu kwenye simu mpya za ofisini, halafu tunampelekea mtu mwenye simu ya kioo kilichopasuka na bando la kuokoteza."

"Huo uzito wote wa nini?"

"Wa kumchungulia. Amebonyeza wapi, amekaa dakika ngapi, katokea wapi. Halafu kitufe cha kukubali kikubwa kama sahani, cha kukataa utadhani kimechorwa na sisimizi. Na vifaa vyetu kila miezi sita vinabadilishwa. Ukishakizoea kimoja, kinatupwa."

"Cherehani yangu ni ile ile niliyoolewa nayo," nikamwambia. "Mume ndiye aliyechakaa kwanza."

"Mume wetu huyo, Bibi. Heshima kidogo."

Basi hospitali moja ya macho ilitaka ukurasa wa wagonjwa kuweka miadi kwa simu. Mke mwenzangu akautengeneza kwa miezi mitatu: jina, umri, sababu ya kuja, siku, kwisha. Meneja wake, kijana mtanashati ambaye viatu vyake havijawahi kukutana na tope, akasema ukurasa uko uchi. Akatengeneza wake, wenye mapambo. Muuguzi mkuu wa hospitali ndiye angechagua, baada ya kumwona mtu mzima akijaribu kurasa zote mbili.

"Wakichukua wa kwake, naacha kazi," mjukuu wangu aliniambia, na hakuwa anatania. "Siwezi kuendelea kushona nguo za kuwanasa watu miguu. Ila Bibi, sharti uwe hujaziona hizo kurasa hata kwa kuchungulia."

"Nichungulie na macho gani haya?"

Jioni zile alikuwa akienda kuoga anaiacha simu ya majaribio mezani, inawaka. Nami sipendi kuona kitu kimekaa bure.

Siku ilipofika wakanikalisha kwenye chumba cha vioo, juu ya kiti chenye magurudumu. Nikaishika meza nisiende safari.

"Shikamoo Bibi," meneja akasema.

"Marahaba mwanangu."

"Simu hii umewahi kuigusa?"

"Hiyo? Hata ya kwangu naishika kwa kitambaa."

Tukaanza na ukurasa wa meneja, na hapo sikuigiza hata kidogo. Picha ikaja, nilipotaka kuiangalia ikakimbia. Kidirisha kikaruka kuniomba nikubali, nikakubali. Kingine kikaniuliza kama nimefurahi, nami hata sijaingia. Kikaragosi kwenye kona kikanipungia mkono, kikauliza kinisaidie nini. Nikakijibu kwa sauti kwamba namtaka daktari wa macho. Kikaendelea kupunga. Halafu yakatokea maandishi mekundu: Watu kumi na saba wanatazama nafasi hii sasa hivi! Zimebaki mbili tu!

"Mwanangu," nikauliza, "ukurasa huu umeshatoka nje?"

"Bado, Bibi. Uko kwenye simu hiyo tu."

"Basi hao kumi na saba wamekaa wapi?"

Nikainama kuchungulia chini ya meza. Muuguzi mkuu naye akainama.

Meneja akakohoa. "Hiyo ni ya… ya kumhamasisha mgonjwa."

"Mgonjwa wangu haoni vizuri," muuguzi akasema, "na wewe unamtisha na watu wasiokuwepo?"

Ukaja ukurasa wa mke mwenzangu. Nikajitia kuzitafuta herufi kidogo, nisionekane mjanja, lakini hata hivyo nilimaliza kabla chai yangu haijapoa. Muuguzi akanipokonya simu. "Hebu na mimi." Akamaliza akiwa wima, miwani bado iko mfukoni.

"Tunauchukua huu," akasema.

Mjukuu wangu akajiziba mdomo kwa kiganja, vile vile alivyofanya siku alipovishwa viatu vyake vya kwanza. Hata meneja, sitamnyima haki yake, alicheka. Akakiri kwamba kile kikaragosi kilimlia wiki tatu, na nyumbani kwake hakuna aliyekipenda.

"Na waliojiandikisha nitawaonaje?" muuguzi akauliza.

"Bonyeza hapo chini," mjukuu akamjibu kwa kujidai. "Ukurasa wangu haufichi kitu."

Muuguzi akabonyeza. Safari hii akavaa miwani.

"Leo tuko wawili. Lakini wiki iliyopita kuna mtu amejiandikisha mara tano, kila mara saa moja jioni. Anaitwa Pilipili. Miaka ishirini na tano. Sababu ya kuja…" Akasogeza simu karibu. "'Macho ni mazima, najaribu tu.'"

Mke mwenzangu akanigeukia taratibu.

"Saa moja jioni," akasema, "huwa naoga."

"Bibi," meneja akasema, "si ulisema simu hii hujawahi kuigusa?"

Nikawauliza choo kiko upande gani.