Kidole Gumba cha Muzee Habarurema

Nyumbani kwa Mama Nyiramahirwe, mtaani Murara, kulikuwa na vitrine, kabati la sebuleni, na kuingia humo kulikuwa kugumu kuliko kuingia mbinguni. Nyuma ya vioo vyake zilikaa glasi za harusi, picha za komunyo ya kwanza na sahani ambazo hazijawahi kuonja wali. Binti yake Munezero, mshonaji, alitamani kitu kimoja tu: kifaru chake kimoja cha kivita kikae humo. Vifaru vyake vidogo, alivyokuwa akivitengeneza kwa katoni na plastiki akishaweka cherehani kando, viliishi chini ya kitanda pamoja na viatu.

"Vifaru?" mama alishangaa. "Tulikimbia vya kweli, sasa nivipange mu salon? Wageni batasema nini?"

"Mama, hii haitakimbiza mutu. Inaenea mu mukono."

Baba yake, Muzee Habarurema, ndiye aliyeamua ugomvi. Maisha yake yote alikuwa msubuji wa masufuria: aliyeyusha alumini chakavu na kuimimina kwenye kalibu za mchanga. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini kidole gumba chake kilibaki hakimu.

"Siku kidole changu kitasema hii ni chuma ya kumwanga, itaingia mu vitrine," alisema.

Mama alikubali upesi, maana alimjua mumewe. Kumdanganya kwa chuma ni kutaka kumzamisha samaki majini.

Sasa, kichwa cha kifaru, ile sehemu ya mviringo inayobeba mzinga, aghalabu husubiwa kama sufuria, kwa hiyo hakina ulaini wa bati. Munezero alikiunda kwa nusu ya mpira wa plastiki. Kisha akafanya kile ambacho mtu yeyote wa Goma angefanya, kwa kuwa hapa kila kitu hujengwa kwa mawe ya volkano: akaponda jiwe jeusi, akalichekecha, akabandika vumbi lake kwa gundi, akapaka rangi. Alijisifu mpaka chai ikapoa.

Kidole kikapita mara moja tu.

"Hii ni ukuta ya choo yetu," Muzee akasema.

Mama alicheka hadi akashika mlango. Munezero alinuna, na tuseme ukweli, alilia kidogo.

Jioni hiyo alikuwa anaosha sufuria la maharage, lililosubiwa na baba yake mwenyewe, vidole vyake vilipoanza kumweleza jambo. Kwa nje lilikuwa na vinundu na vishimo vidogo vidogo, lakini hakuna hata chembe ya mchanga iliyobanduka. Mchanga uligusa chuma, ukaenda zake, ukaacha alama. Yeye vumbi lake la jiwe aliliacha palepale! Munezero alicheka peke yake, povu likimfika viwikoni.

Akakwangua kazi yote. Akapaka mastiki, ile ya kuzibia mibonyeo ya magari, nyembamba, na kabla haijakauka akaigongagonga kwa kitambaa kibichi alichokikunjakunja, masalio ya gauni la mteja. Ilipokauka akaipitishia msasa kidogo ili vinundu vilale, akapaka kijivu, akamalizia kwa unga wa penseli. Ndani akajaza vile vipande vizito ambavyo wavuvi wa Kituku hufunga chini ya nyavu, kwa sababu baba hakuwa mjinga, angepima uzito pia.

Jumapili, baada ya misa, Muzee aliketi na kunyoosha mkono. Kidole kilipanda, kikashuka, kikarudi tena. Moyo wa Munezero ulikwenda kama cherehani.

"Nani alikumwangia hii?" Muzee akauliza kwa ukali. "Ni mutu wa hapa? Mbona hakupita kwangu?"

Alikuwa ameona wivu, mzee wa watu. Munezero, huku akicheka, akakigonga kifaru kwa ukucha. Ikasikika sauti ya plastiki.

Muzee akacheka hadi kikohozi kikamshika. Akautafuta mkono wa bintiye, akapapasa vidole kimoja kimoja.

"Hii mikono ni yangu," alisema.

Munezero alijaa furaha.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," mama alinung'unika, lakini tayari alikuwa amefungua vitrine na kusogeza glasi za harusi. Akakiweka kifaru karibu na picha ya komunyo, akafunga, akarudi nyuma kutazama. Akaguna. Akafungua tena na kuugeuza mzinga.

"Kwangu hapa," alisema, "itaangalia ukuta."